Siku Mheshimiwa Alipokula Kuku Wetu

Jumatano ile niliondoka Kitale mapema, ukungu ungali umelalia mahindi, nikafika Naitiri, kwa mama, kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Mama alikuwa ameshachinja jogoo. Alasiri hiyo swali letu lilikuwa linaulizwa bungeni: serikali imefanya nini kumrudisha dada yangu, yaya huko Uarabuni, ambaye mwajiri wake amekataa na pasipoti yake?

Mbunge wetu ndiye aliyeliandikisha. Na mama, ambaye hawezi kutendewa wema akanyamaza, akamwalika siku hiyohiyo aje ale kuku, tusikilize pamoja. Kwake Bunge ni kama kanisa: tangazo likishaandikwa litasomwa, uwe umekuja au umebaki nyumbani. Sote tuliona sawa.

Mheshimiwa alikuja, bana. Akasema tusiwe na wasiwasi, kuna mwenzake atakayemuulizia. Akaketishwa mbele ya televisheni, akawekewa firigisi, maana huku kwetu firigisi ni ya mgeni wa heshima. Mvua ikaanza polepole juu ya mabati. Sauti za bungeni zikawa zinakuja na kupotea, chai ikanilegeza macho, na kwa muda hivi nikamwona dada akiingia na sinia.

Yule mwenzake akasimama kabla ya zamu yetu, akamrukia Waziri wa Mambo ya Nje. Ati leo tunakumbatia Magharibi, kesho tunakimbilia Mashariki, na majirani hawatuamini tena. Waziri akamjibu kwamba mtu ambaye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Malaba asimfundishe diplomasia. Tulicheka sebule nzima. Mheshimiwa alicheka mpaka akapaliwa. Mwenzake akamwita Waziri mwongo, Spika akamtaka afute neno hilo, akakataa, akatolewa nje. Tukampigia makofi, sisi wajinga.

Kisha Spika akaita swali letu. Akamwita mbunge wetu mara ya kwanza, akamwita tena. Mheshimiwa alikuwa ameshika mfupa.

"Hayupo," Spika akasema. "Na hakuna wa kumuulizia? Basi, swali limeanguka."

Wakaendelea na mengine.

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Mheshimiwa akanawa mikono, akasema ataliandikisha upya Bunge likirudi kutoka likizo. Mama alimsindikiza mpaka kwenye gari, kwa sababu mgeni ni mgeni, akamshukuru kwa kufika. Akarudi akaketi, mezani mifupa imebaki vilevile.

Jioni simu ikalia. Dada hupiga akiwa amejifungia bafuni, amefungulia maji ili wenye nyumba wasimsikie. Mama akaongeza sauti tusikie wote.

"Mama, nimeshapanga nguo kwa begi," dada alinong'ona. Sijamsikia na furaha kama ile tangu aende. "Waziri amesema natoka lini?"

Mama akanipa simu, akaanza kutoa vyombo mezani.