Njia ya Changarawe Nyuma ya Pazia

Kabla sijaugua sikuwahi kukaa mahali nikapazoea. Shule niliiacha darasa la saba, si kwa kukosa karo, bali kwa sababu dirisha la darasa lilitazama barabara ya malori yaendayo Malaba, na kila lori lililopita liliondoka na kipande changu. Nimeuza ndizi Tororo, nimepika chapati Kisumu, nimechimba mitaro Juba. Mwishowe nikafika Doha, nikawa mlinzi wa lango huko Lusail, enzi zile mji wenyewe ukiwa bado mchanga na kreni. Zamu ikiisha sikukimbilia basi. Nilizunguka kwa miguu kutazama wanavyojenga, nikiuliza maswali hadi watu wakachoka nami. Mtu kama mimi ukimnyang'anya miguu umemmaliza.

Ilianza kwa kuhara. Mimi na Musoke, dereva Mganda niliyeishi naye chumba kimoja Al Wukair, tulikula kuku ambaye hakuiva vizuri. Yeye aliugua siku moja akapona. Mimi pia nilipona, nikarudi kazini. Wiki iliyofuata vidole vya miguu vikafa ganzi, kama sisimizi wanatembea ndani ya soksi. Nilivua viatu nikavikung'uta. Hakukuwa na sisimizi. Kesho yake ganzi ilikuwa magotini, na mikono ikashindwa kufunga vifungo vya shati la kazi.

"Ssebo, umelewa?" Musoke aliniuliza aliponiona nashikilia ukuta.

"Nilewe nini, na nchi hii?"

"Basi njoo, mtoto wangu. Baba akuvishe shati."

Tulicheka. Kisha nikapiga hatua moja, nikaanguka kama gunia, nikajikojolea pale sakafuni. Musoke akaacha kucheka. Alinibeba mgongoni hadi garini.

Hospitalini daktari alinigonga magoti kwa kinyundo. Hayakuruka. Alisema ni ugonjwa wenye jina refu la Kifaransa, kwa kifupi GBS: kinga ya mwili ikishapigana na vijidudu inageuka, inaanza kuila mishipa ya fahamu ya mwenye mwili.

"Nitatembea tena?"

"Kwanza tuhakikishe unapumua," alijibu.

Jioni mate yalinishinda kumeza. Sauti ikatokea puani, kifua kikawa kama kimekaliwa na mtu. Wakanipeleka chumba cha wagonjwa mahututi, wakanitia bomba kooni, mashine ikaanza kunipumulia.

Watu hudhani mgonjwa wa namna ile amelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa macho ndani ya mwili uliozimika. Kope zilikataa kufumba, wauguzi wakazibandika kwa plasta ili macho yasikauke, basi nikawa gizani. Nilihisi mpira wa kunyonya makohozi ukishuka kifuani. Nilihisi nepi ikibadilishwa, na kidonda cha kulalia kikifunguka matakoni. Sikuweza kusema kwamba inauma. Muuguzi mmoja tu, Sista Kendi wa Meru, alizungumza nami. "Barasa, nakugeuza sasa. Vumilia, kaka yangu." Wengine waligeuza kama wanavyogeuza godoro.

Humo gizani ndipo ilipokuja ile sauti.

Ilitokea upande wa sikio la kushoto: magurudumu yakisaga changarawe. Changarawe naijua, Lusail ilijaa changarawe. Lakini hapa hapakuwa na gari, wala honi, wala kreni. Ndege waliimba. Upepo ulipita katika majani mengi, majani ambayo Doha haina. Na mbele yangu kidogo mtu alikuwa akihema, taratibu, kama anayeendesha baiskeli. Mbwa alibweka. Kengele ikalia mbali. Magurudumu yakapita juu ya mbao, na chini ya mbao nikasikia maji. Kisha mtu yule akasema maneno machache kwa lugha nisiyoijua, kwa upole, na sauti zote zikabadilika zikawa za pangoni, zenye mwangwi. Halafu kimya.

Ilikuja tena siku nyingine. Na nyingine. Mbwa, kengele, mbao, maneno, pango, kimya. Haikubadilika hata kidogo. Niliamini hiyo ndiyo njia ya kufa, na kwamba yule mpanda baiskeli ametumwa kunifundisha mapema nisije nikapotea. Nilimwogopa, lakini asipokuja nilimngoja, maana hakuna mwingine aliyekaa nami muda mrefu hivyo. Nikaanza kufuatisha pumzi zake. Akivuta, nilijaribu kuvuta. Tukifika penye pango nilisimama. Nikamwambia moyoni: tangulia wewe, mimi siingii.

Kisha siku moja hakuja. Kesho yake pia hakuja. Sikio la kushoto likabaki tupu, na nilihisi baridi upande ule, kama mlango umeachwa wazi.

Juma lilelile Sista Kendi akapaza sauti: "Amevuta mwenyewe! Barasa, vuta tena!" Nikavuta.

Nilihamishiwa jengo la mazoezi ya viungo nikiwa na tundu la kupumulia shingoni na nyama imeniisha. "Banange," Musoke alisema, "wamekuachia mifupa na masikio." Akajifanya kukohoa, akatazama dirishani. Ofisa wa kampuni naye alikuja. Alisema nisiposimama kufikia mwisho wa mwezi, nitarudishwa nyumbani kwa machela. Nyumbani ni mlimani Elgon, kwa mama mzee, mahali ambapo hata pikipiki huachwa chini. Nani angenigeuza kitandani?

Mtu wa mazoezi aliitwa Hatem, kijana wa Tunisia. Alinifunga miguu kwenye pedali za baiskeli isiyokwenda popote, mbele yake skrini kubwa. "Ukikanyaga, picha inasogea. Ukiacha, inasimama. Yalla!"

Nikakanyaga. Ikatokea njia nyembamba, nyeupe, ya changarawe, miti pande zote mbili. Hakuna gari. Hakuna mtu. Magurudumu yakaanza kusaga, na vinyweleo vya mikono yangu vikasimama.

"Sasa mbwa atabweka," nikasema.

Mbwa akabweka. Hatem akacheka. "Umewahi kuiona hii?"

"Sijawahi. Sasa kengele."

Kengele ikalia. Hatem hakucheka tena. Nikamwambia kuna daraja la mbao, na likatokea. Mpanda baiskeli akasema maneno yake. Mbele, mlimani, palikuwa na mdomo wa handaki, mweusi kabisa. Miguu ikaganda, picha ikasimama palepale. Nililia kwa sauti hadi wakaja watu.

Sista Kendi alipomaliza zamu aliitwa aje anitulize. Alisikiliza yote, kisha akaketi kitandani.

"Sipaswi kukwambia," alisema, "ila usije ukarukwa na akili. Nyuma ya pazia lako, kushoto, alilala Mfaransa. Mkewe alikuja kila saa ya kutazama wagonjwa, akamwekea simu kwenye mto wa kitanda, video ikicheza. Ile ni njia ya kwao mashambani, zamani ilikuwa reli. Reli iling'olewa, wakamwaga changarawe, magari yakakatazwa. Mume aliirekodi mwenyewe akiendesha baiskeli. Saa ya kutazama ilipokwisha, mama wa watu alizima simu, akaenda."

"Na yeye?"

"Alifariki. Siku mbili tatu kabla hujavuta pumzi ile. Mkewe akatuachia video hiyo, akasema wasioweza kutembea wapate pa kwenda."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimeazima pumzi za mtu aliyekuwa anaishiwa nazo.

Asubuhi nilimwuliza Hatem, ambaye Kifaransa anakijua, yule mtu husema nini pale mbele ya handaki.

"Anasema: giza hili ni fupi, kanyaga tu."

Nikaomba nifungwe tena kwenye pedali. Mbwa, kengele, mbao, maneno. Nikaingia. Skrini ikawa nyeusi, na ndani ya weusi ule nikaona uso wa mtu, mashavu yameingia, ndevu zimechafuka, ananitazama. Ilinichukua muda kujua ni mimi. Mapaja yaliwaka moto. Pumzi mbili zilisikika, yake na yangu. "Usiache!" Hatem alifoka. "Usiache, ya akhi!" Kisha tundu la mwanga, dogo kama punje ya mtama, likakua, na tukatokea juani. Upande wa pili alikuwepo mwanamke amekaa kwenye benchi, mkate mapajani, anacheka na kumpungia mkono anayekuja. Hapo ndipo njia ilipoishia siku zote. Mimi sikuwahi kufika.

Kabla mwezi haujaisha nilisimama nikishika vyuma, ofisa akinitazama. Baadaye kwa mkongojo. Leo natembea, nyayo bado zina ganzi kidogo. Namshukuru Mungu, na Sista Kendi, na Hatem, na Musoke ambaye bado hunifunga vifungo kwa kejeli. Yule mama Mfaransa sikupata kukutana naye nimwambie asante.

Ndugu msomaji, ganzi ikipanda kutoka miguuni, usingoje kesho, nenda hospitali. Na ukiwa na mgonjwa asiyefumbua macho, zungumza naye. Anasikia. Hata wa kitanda cha jirani anasikia.

Nilirudi Lusail. Jioni nikipita kwenye vijia vya changarawe ambavyo magari hayajavifikia, mara nyingine nasikia magurudumu yanakuja nyuma yangu, taratibu, na mtu anahema. Sigeuki. Nasogea kando, nampisha.