Ukuta wa Jikoni kwa Mama Sindano

Kila Mama Sindano alipopika, mama yake alimwelekeza kutoka chumbani: "Vitunguu hivyo vinaungua." Na kweli vilikuwa vinaungua. Bibi yule aliwapikia wafanyakazi wa kiwanda tangu ujana wake. Pua yake ilikuwa haidanganyiki. Lakini miguu ilipomkatalia, akawa mtu wa kitandani. Kiti chake cha magurudumu hakikupita mlango wa jikoni, na sebule ilikuwa imemezwa na cherehani ya bintiye na marobota ya vitambaa.

Siku moja akasusa kula. "Mnanilisha kama kifaranga," alisema, akageukia ukutani.

Mama Sindano akapiga moyo konde. Alikwenda kwa mwenye nyumba, akarudi na ruhusa ya kubomoa ukuta wa jikoni, mradi asimwachie gofu. Aliyesita ni mdogo wake, seremala.

"Dada, sasa utapika wapi, utashona wapi, wateja utawaweka wapi?"

"Hapo hapo."

"Hapo hapo wapi?"

"Wewe niletee bawaba. Mengine niachie."

Mwashi akaanza kugonga. Vumbi likaingia mpaka kwenye chumvi. Wakawa wanapikia roshanini. Ukuta ulipoanguka, katikati likabaki limesimama bomba la maji ya ghorofa za juu. Halihamishiki.

"Tumekwama," seremala akasema, akaweka nyundo chini.

Mama Sindano alilizunguka bomba mara kadhaa, mkono kidevuni. "Libaki. Lifunike kwa mbao, meza tuitundike hapo."

Ndivyo ilivyokuwa. Meza ikafungwa kwa bawaba: ikishushwa ni ya kukatia vitambaa na ya kulia, ikiinuliwa chumba kina nafasi. Marobota yakaingia ndani ya benchi lenye kifuniko, wateja wakakalia juu yake. Cherehani ikawekwa magurudumu.

Bibi akasukumwa ndani. Alipitisha kiganja juu ya ubao mpya wa kukatia mboga uliofungwa ukutani; ulimfika kidevuni.

"Huu mmempimia nani? Au mnataka nipike nimesimama?"

Seremala alikuwa ameupima kwa kimo cha dada yake. Akainamisha uso, akachukua bisibisi, akaushusha.

Jioni ile bibi alipika mwenyewe, bintiye akipinda sketi ya mteja pembeni yake. Mteja alikuja kuichukua, akaambiwa aketi kwanza, aonje mchuzi.