Nilimvalisha baba barakoa nzuri kuliko zote nyumbani, dada yangu akaugua kifua kikuu

Wakuu, salamu kwenu, na kwa mlionizidi umri shikamoo.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nasoma, nacheka, napita zangu.

Juzi nikaona uzi wa jamaa anauliza barakoa gani hasa inazuia maambukizi. Watu wakamjibu kwa matani. Mmoja akasema zote ni sawa, mwingine akamwambia avae chandarua. Siku nyingine ningecheka na mimi. Safari hii nilizima simu nikakaa tu.

Kwa hiyo naandika. Sitaongeza chumvi, maana mambo yenyewe yalivyokuwa yanatosha.

Mimi ni mtu wa Tarime vijijini, Nyamwaga. Kazi yangu ni karasha huko upande wa Matongo, yaani ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu. Vumbi lake ukilivuta siku moja bila kujifunika, jioni unatema matope.

Kwa hiyo suala la barakoa nilijiona profesa. Ninayo ile nyeupe nzito iliyoumuka kama kikombe, ina mikanda miwili ya kupita nyuma ya kichwa, na mbele ina kidude cha plastiki, valvu. Inabana uso vizuri. Ukivaa hiyo vumbi halipiti.

Sasa mwaka jana baba yangu akaanza kukohoa.

Sisi tunamwita Tata. Ni mzee wa ng'ombe na migomba, mkali, hapendi hospitali. Alikohoa wiki, zikawa mbili, ukawa mwezi. Tukasema ni baridi. Tukasema ni moshi. Alipoanza kuloa jasho usiku mpaka shuka linakamuliwa, nikampakia kwenye bodaboda kwa lazima, ananitukana njia nzima.

Kipimo cha makohozi kikatoka. Kifua kikuu.

Nesi wa pale kituoni alikuwa dada mmoja mpole. Akatuelekeza dawa, miezi sita bila kuruka hata siku moja. Kisha akanipa pakiti ndogo ya zile barakoa za bluu, nyepesi, za kutupa. Akasema hizi ni za mzee, avae akiwa na watu. Na yule atakayekuwa anamhudumia chumbani, kama mnaweza, mtafutieni ile nzito inayobana.

Nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Moyoni nikasema huyu binti amechanganya.

Hebu fikiria kwa akili ya kwetu. Mzee ni mgonjwa. Mzee ndiye mwenye nyumba. Halafu avae kile cha bluu chembamba kama karatasi, na mtoto wake avae kizuri? Kwetu nyama ikichinjwa, mzee ndiye anayeanza kupata. Kiti kizuri ni cha mzee. Blanketi zito ni la mzee. Kwa hiyo na barakoa nzuri ni ya mzee, kuna mjadala gani hapo?

Nikatoa mpya kabisa kwenye boksi langu la kazini, nikamvalisha kwa mikono yangu.

Jamani alivyofurahi! Akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akasema, "Hii si wanavaa mainjinia?" Nikamwambia ndiyo Tata, ya mainjinia. Majirani walipokuja kumjulia hali wakaisifia. Wakasema kweli mzee ana mtoto wa kiume. Nami nikavimba kichwa.

Zile za bluu zikabaki kwenye pakiti juu ya kabati.

Sasa swali likawa, nani amhudumie?

Mama alishatangulia mbele za haki. Mke wangu hawezi. Wasiotoka huku niwaeleze kidogo: kwa mila yetu mke wa mtoto haingii chumbani kwa baba mkwe, hamgusi, hata kupishana naye njiani anapisha mbali. Hilo halina cha ugonjwa wala dharura. Angepika, lakini kuingia ndani haiwezekani.

Akabaki Boke.

Boke ni mdogo wangu wa kike, wa mwisho. Alikuwa na kiduka cha nguo Nyamisangura, pale mjini Tarime, ndiyo kwanza kimeanza kuchangamka. Nilimpigia simu mara moja tu. Akafunga duka, kesho yake yuko nyumbani na begi. Hakulalamika hata neno moja.

Yeye alikuwa na barakoa yake ya kitenge, ya kushonwa, iliyobaki tangu kipindi cha korona. Nzuri machoni. Kila siku anaifua, anaianika kwenye ua. Nilimwona nayo nikasema safi, amejikinga.

Wakuu, mnaona picha? Tata, mwenye vijidudu kifuani, kavaa ya kikombe yenye valvu. Boke, anayemlisha, kumsafisha na kumshika mgongo akikohoa, kavaa kitambaa. Dirisha la chumba limefungwa kwa sababu mzee anasikia baridi. Na mimi niko Matongo nasaga mawe, najua nyumbani kila kitu kiko sawa.

Mzee alipona haraka. Mwezi wa pili ameanza kula ugali wake, wa tatu yuko zizini anagombana na watu. Nesi akasema haambukizi tena, avue barakoa. Mimi nikajipongeza.

Boke naye akawa anakohoa.

Mwanzoni alisema mafua. Halafu akasema moshi wa kuni. Mnaona tunavyorithishana uongo? Mke wangu ndiye aliyenivuta pembeni akaniambia, "Baba Rhobi, mdogo wako amekonda, na leo nimeona damu kwenye leso yake."

Asubuhi yake nikampakia kwenye bodaboda.

Kituoni makohozi yakarudi na jibu lile lile. Eksirei ikaonyesha pafu la kushoto limeharibika na lina maji. Akalazwa hapo hapo. Ukimwangalia pale kitandani unahesabu mbavu. Akivuta pumzi unasikia kama mtu anaburuza gunia sakafuni. Kulikuwa na siku mbili daktari alikuwa hajibu maswali yangu, ananiambia tu tusubiri. Nilizunguka lile jengo sijui mara ngapi. Mimi si mtu wa sala sana, lakini siku hizo nilisali.

Ni katika kusubiri huko ndipo yule nesi aliniuliza, mzee alikuwa anavaa barakoa gani?

Nikamwambia kwa kujiamini, nzuri kabisa, kama hii hapa. Nilikuwa nayo mfukoni, nimetoka nayo kazini.

Akaniambia niivae. Nikavaa. Akasema, "Kaka, sasa weka kiganja hapo mbele ya valvu, halafu upumue kwa nguvu."

Nikapumua. Hewa ya moto ikanipiga kiganjani yote.

Akasema, "Hiyo inachuja unachovuta. Unachotoa haichuji, kinapita hapo. Ilitengenezwa imlinde anayevaa. Mzee alikuwa analindwa asiambukizwe na nani, wakati mgonjwa ni yeye?"

Aisee. Miaka yote navaa kitu usoni sijui kinafanyaje kazi.

Akanieleza na nyingine, nami nawaeleza kama nilivyoelewa, wataalamu mtanisahihisha. Ile ya bluu kazi yake kubwa ni kuzuia mate na matone ya aliyeivaa yasiruke kwa wenzake. Ndiyo maana ni ya mgonjwa. Ila pembeni mashavuni ina uwazi, kwa hiyo mwenye afya akiivaa chumba kimoja na mwenye kifua kikuu, vile vijidudu vinavyoelea hewani anaweza kuvivuta kupitia hapo. Ya kitambaa ni dhaifu kuliko zote. Inapunguza mate ya aliyeivaa, basi, na kwa kifua kikuu usiitegemee kabisa. Ile nzito inayobana ndiyo ya mhudumu, yenye valvu au isiyo na valvu, mradi ikae vizuri usoni. Na mwenye ndevu nyingi ajue haibani, hewa inapenya kwenye ndevu. Halafu haifuliwi. Ukiifua umeiua.

Na dirisha. Aliniambia dirisha lililo wazi lingetusaidia kuliko tulivyodhani.

Kwa hiyo vitu vyote viwili vilivyotakiwa vilikuwa ndani ya nyumba yetu. Ya kikombe ilikuwepo. Za bluu zilikuwepo. Ningebadilisha nyuso tu.

Nilimuuliza nesi, ni mimi niliyemwambukiza Boke? Akasema hakuna anayejua ni siku gani kiliingia. Inawezekana ni kabla hata mzee hajapimwa, maana Boke alikuwa anakuja kumsalimia kila Jumapili. Alisema kwa upole kabisa. Nilijua ananipa nafasi ya kupumua, lakini hakusema hapana.

Wakuu, Boke hakufa. Namshukuru Mungu kila siku. Maji yalitolewa, dawa zikamkubali, miezi sita akamaliza. Lakini pafu lile halikurudi kuwa kama zamani. Kutoka mtoni na ndoo anapumzika mara tatu njiani, binti ambaye alikuwa anakimbia. Duka lilishapangishwa kwa mtu mwingine.

Siku aliyomaliza dozi nilimkuta amekaa nje anachambua mboga. Nikaamua nimwambie. Nikakaa chini, mimi kaka mkubwa, nikamweleza yote: valvu, za bluu juu ya kabati, jinsi nilivyompuuza nesi. Nikamwambia mdogo wangu nisamehe.

Akaendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, "Nilikuwa najua."

Nikamuuliza unajua nini?

Akasema wiki ya pili alienda yeye kuchukua dawa za Tata, na nesi akamwonyesha ipi ni ya mgonjwa na ipi ni ya mhudumu. Alirudi nyumbani akiwa anajua kabisa.

Nikamwambia, "Boke! Kwa nini hukusema?"

Akanitazama. "Nimwambie nani? Wewe ulishaamua. Halafu nimvue baba barakoa ya mainjinia niivae mimi, yeye nimpe ya karatasi, mbele ya wale wageni wote? Ningeitwa mtoto wa namna gani?"

  Angeusema ukweli ule, namjua mtu ambaye angemfokea, na ndiye huyu anayeandika.

Tata hajui chochote. Anasimulia hadi leo jinsi mwanawe alivyomvalisha. Nilitaka kumwambia, Boke akanikataza. Anasema mzee akijua atakufa kwa fikra, na yeye hakupoteza pafu ili mzee afe.

Nilichojifunza ni hiki. Barakoa si zawadi ya kumheshimu mtu. Ni kifaa, kila moja na kazi yake, na kama hujui kazi yake uliza, hata kama unayemuuliza ni binti mdogo kuliko wewe. Ukimpeleka mtu kwa mgonjwa kwa sababu mila imekufungia wengine mlango, basi yeye ndiye wa kwanza kulindwa. Na umpe nafasi ya kukuambia umekosea bila kuogopa sura yako.

Kama hapo ulipo kuna mgonjwa wa kifua ndani, naomba usinipe pole mimi. Niandikie hapa chini ni nani anayeingia kumhudumia, na anavaa nini. Kama hujui, nenda kamuulize sasa hivi, halafu nyamaza umsikilize.