Tulipika Mbegu Tukingoja Mwisho wa Dunia

Nimekosa, na sitaki mtu anitetee. Ukimaliza kusoma unaweza kunilaani, ni haki yako.

Mimi ni mkulima wa viazi huku Molo, na ni mzee wa kanisa. Mwaka jana nilimsikiliza mhubiri mmoja kwenye hema pale Salgaa. Alisema Ziwa Nakuru kumeza nyumba za watu ni ishara, na mvua kubwa haitatukuta duniani. Jamani, niliogopa! Nilirudi nyumbani nikatangaza hakuna kulima tena, ni kuomba tu.

Msichana wangu wa kwanza, tumwite Chero, ana miaka ishirini. Huyo ndiye alikuwa tegemeo langu shambani. Mbegu za viazi zilikuwa stoo zimeanza kuchipuka vizuri, na ni yeye alizichagua moja moja.

Akaniambia, "Baba, si tupande tu? Yesu akija atukute shambani. Kuna ubaya gani?"

Hebu sikia nilivyomjibu mtoto! "Unataka Bwana akukute na matope mikononi? Anayeshika jembe saa hizi hana imani."

Mama yake akalia. Mimi huyo, nikabeba yale magunia ya mbegu hadi kwenye mkutano, yakapikwa yote, tukala tukiimba. Chero nilimlazimisha ale. Alikula machozi yakimtoka, na mimi mjinga nikafurahi nikidhani ameguswa na Roho.

Mvua ikaja! Ilinyesha siku nne mfululizo, majirani wakapanda, shamba langu likamea magugu. Mhubiri akasema alikosea hesabu, akatoa siku nyingine. Hapo ndipo macho yalinifunguka. Niliaibika vibaya. Nikaomba mbegu kwa shemeji yangu, nikamwambia Chero tuanze upya.

Kumbe wakati wote huo tukiomba, yeye alikuwa ameyaamini maneno yangu. Alinitazama kama hanijui. "Baba, umerudi nyuma," akasema. Kesho yake hakuwa nyumbani.

Yuko Menengai, kwenye yale mapango watu huenda kufunga na kuomba, pamoja na kikundi cha yule mhubiri. Wanangoja hiyo siku mpya. Mara ya kwanza nilipoenda alinisalimia. Mara ya pili alikuwa amekonda hadi nguo zinamning'inia. Nilikuwa nimembebea uji kwenye chupa, akageuza uso.

"Si wewe ulinifundisha, Baba? Sasa unaogopa nini?"

Ole wangu! Maneno yote aliyokuwa nayo nilimpa mimi.

Juzi sikumwona kabisa. Waumini waliokaa nje ya pango walinizuia, wakasema amelala, anaongea na Mungu. Niliita jina lake mpaka sauti ikaisha. Hakuitika. Nikaenda kuripoti polisi, na wamekubali kunisindikiza kesho.

Bado naamini Yesu atarudi, hilo sijaliacha. Lakini mtoto wangu alikuwa na imani kunishinda. Alitaka kumngoja Bwana akiwa anafanya kazi yake, na mimi nikamvunja. Wewe mzazi unayetisha watoto na siku za mwisho, nakuomba kwa jina la Mungu, acha leo! Wanakusikia. Wanakuamini kuliko unavyojiamini mwenyewe.

Tunakwenda huko Menengai kesho asubuhi. Mama yake ametoa blanketi kubwa, amelikunja na kuliweka kwenye begi. Nimeogopa kumuuliza ni la nini.