Kitenge Yenye Hatukufua

Siku yangu ya kwanza ku kazi, saa mbili ya asubui, Mama Chef, mukubwa wa kutengeneza bia, alinipatia glasi ya bia, na minye nikaitema palepale ku ciment. Nilikuwa nimetoka tu kupata diplome. Nikajua nimekwisha kufukuzwa mbele ya kuanza. Lakini yeye akacheka.

"Umetema, hakuna shida. Sasa sema: mbele ya kutema, ulisikia nini?"

"Bukali, Mama. Bukali kama dawa ya malaria."

"Na kisha?"

Nikafikiri. Kisha ilikuwa kama mutu ametoa maganda ya chungwa mu chumba ya pembeni. Nikamuambia vile.

"Basi uko na ulimi," akasema. "Vaa botte za kazi, Furaha."

Naandika hii mu cahier kwa badogo zangu, juu banaulizaga ile kazi ilikuwa namna gani, na minye sitaki kuirudilia kila siku kwa mudomo.

Brasserie yetu, kiwanda ya bia, ilikuwa kadogo, mu depo ya zamani ya samaki, hapo Uvira kando ya ziwa. Kive tatu za chuma, mapipa makubwa ya bia, basi. Batu ba muji beko na bia zao nyepesi za kumaliza kiu, na sitabazarau. Lakini sisi tulikuwa na ile moja, India pale ale. Batu ba mutaa baliiita Bukali. Digré saba za pombe, rangi ya asali, na povu nzito kama maziwa ya ng'ombe ba Rurambo, yenye inabakia ku glasi mupaka mwisho. Ukiinywa mbio, inakupiga. Ukiinywa polepole, inakuonyesha kitu mupya kila mara. Sijakunywa bado kitu ingine yenye inakufikirisha vile.

Mama Chef njo aliitengeneza. Alizaliwa Lubarika, mama yake alikuwa anapikaga kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kisha yeye akatumika miaka mingi mu laboratoire ya brasserie kubwa. Walipomupatia retraite apumzike, akakatala kukaa bure.

Kazi ilikuwa hivi. Malt, ni shayiri, nafaka kama ngano, yenye imeoteshwa na kukaushwa kidogo, tunaisaga, tunailoweka mu maji ya moto mupaka sukari inatoka. Ile maji ya sukari tunaichemusha saa moja na houblon. Houblon ni maua, lakini yetu ilifikaga imesagwa na kufinywa, bitu bidogo bya kijani kama chakula ya sungura. Unatupa mara tatu. Ya kwanza mwanzo wa kuchemusha, ni ya bukali. Ya pili mwisho, ni ya ladha. Ya tatu unatupa kwenye bia yenye imekwisha kupoa mu kive, ni ya harufu, na hapo unangojea.

Kungojea! Minye sina roho ile. Hata ugali natiaga bunga mbele maji haijachemuka. Siku ya tisa nilifungula robinet ya kive kwa siri, nikaonja, nikakimbia kwa Mama Chef: "Iko tayari!" Akaja, akaonja, akafunga macho.

"Iko njiani," akasema.

Alikuwaga na maneno mbili tu ya kuhukumu bia: "iko njiani" na "imefika." Papa Directeur mwenyewe alikuja siku moja na bilauri yake, akasema bakiliya banalalamika, tutie mu chupa leo. Mama Chef hakumuangalia hata. "Papa Directeur, hata weye mama yako alikungojea miezi tisa." Papa Directeur akarudi mu bureau yake. Tuliingojea mupaka wiki tatu.

Nilimuuliza juu ya nini tunaitia houblon mingi vile. Alinieleza kama alivyofundishwa: zamani Bazungu balikuwa banatuma bia kule India na meli, miezi na miezi ku maji, na ile nyepesi ilikuwa inaharibika. Njo bakaongeza houblon na digré, juu houblon inalinda. "Hii bia ilifanywa kwa safari," akasema. Sikujua sisi wenyewe tutakuja kuijaribu na safari.

Kitu ya maana kuliko byote ni levure. Ni ile chachu, bitu biko bizima, binakula sukari na kutoa pombe na gaz. Kive ikimaliza, chini kunabakia matope ya rangi ya maziwa. Mama Chef aliichotaga mu bidon ya plastiki, anaiweka mu frigo, na ile njo inaanzisha bia yenye inafuata. Ilikuwa ni levure moja toka siku ya kwanza ya brasserie. Maji, malt, houblon, unaweza kununua. Hii yetu hapana.

Kisha vita ikafika karibu. Kwanza camion za Luvungi zikaacha kushuka. Kisha courant ikakatika, frigo ikakuwa kabati. Asubui moja bunduki zikasikika karibu, batu bote ba avenue bakaanza kutembea upande wa Kavimvira, ku frontière, mupaka wa Burundi. Papa Directeur alikuwa amekwisha kuvuka. Mama Chef alikamata pakiti moja ya houblon, akaificha mu sac yake katikati ya carte ya ubatizo na picha za mama yake. Minye akanipatia bidon ya levure, lita tano.

"Hii usiiachilie," akasema. "Kive tutapata zingine."

Nikaifunga na kitenge yangu mupya, ile ya maua ya njano, nikaibeba ku mugongo kama mutoto. Na kwa sababu niliogopa imwangike, nilikaza kifuniko na nguvu yangu yote. Mutu akikimbia na mafuta ya mawese, anakaza. Akikimbia na maji, anakaza. Hata nikasikia fahari.

Ku frontière jua lilikuwa juu ya kichwa, batu bamejaa kama njugu mu mufuko. Nikasikia mugongo inakuwa ngumu, bidon imevimba. Nikasema nitaangalia tukivuka. Na hapo: PAA!

Batu bote balilala chini. Magodoro, sufuria, bakuku, byote mu mavumbi. Minye nimesimama peke yangu, povu inashuka mupaka ku visigino. Mwanajeshi akanielekezea bunduki.

"Nani amepiga?"

"Ni bia, afande."

"Bia gani inapigaka risasi?"

"Bukali, afande. Haijakuwa bado bia, ni levure yake..."

Akakaribia, akanusa mugongo yangu. "Inanuka chungwa," akasema, na bunduki ikashuka. Mama mukubwa mumoja, angali amelala chini, akapiga kelele: "Eh! Tumeponea vita, katoto haka kanataka kutuua na pombe!" Batu bakacheka, kule chini mu mavumbi, siku ile. Minye sikucheka. Bidon ilikuwa imepasuka toka juu mupaka chini. Levure ilikuwa ku barabara, kuku ya mutu inaidonoa.

Nilianza kufungula kitenge niikamue.

"Usiikamue!" Mama Chef alinikamata mikono. "Usiifue, usiiguse. Leta."

Ng'ambo, mu kiwanja ya kanisa penye walitupokea, aliitandika mu kivuli, ikakauka, ikakuwa ngumu kama ngozi. Aliniambia kule Lubarika mama yake hakusuguaga hata siku moja mutungi ya kasiksi, juu ndani ya ile uchafu njo pombe ya kesho imelala. Sisi mu brasserie tulisafisha byote na soda kali ya kusafishia. Minye nilifikiri batu ba zamani balikuwa bachafu tu.

Alichemusha maji na sukari, akaipoza, akazamisha kitenge. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Nilisema imekufa, ni minye niliiua. Siku ya tatu asubui, povu ndogo, nyeupe, inapanda.

Malt hatukukuwa nayo. Tuliotesha mutama, tukaitia ile houblon ya sac mara tatu, sawasawa na kawaida, na ile levure ya kitenge. Ilitoka nzito, rangi ya chai ya maziwa, haiko ile yetu ya asali. Nilingojea wiki tatu, na sikuonja. Mama Chef akamimina mu kikombe ya plastiki, akafunga macho. Nilihesabu mapigo ya roho yangu.

"Imefika," akasema. Na akalia, yeye mwenye hakulia ku frontière.

Ile kazi nimeiacha. Kive ziliibiwa wakati ya vita, Mama Chef miguu haimubebi tena, minye nafundisha hesabu. Kitenge iko ku musumari mu nyumba yetu, ngumu, na maman yangu ananiuliza kila dimanche nitaivaa lini ku misa. Namuambia hapana.

Badogo, siku moja mumoja wenu ataizamisha tena mu maji ya sukari. Na kama atapaswa kukimbia nayo, asikaze kifuniko. Iko nzima, inapumua.