Mama Mkwe Hakai Kiti cha Mbele

Ijumaa nilikuwa gereji moja hapa Bagamoyo, nikimtazama mkulima wa mananasi kutoka Kiwangwa akichagua kati ya magari mawili makuukuu. Moja ni pikapu. Ukizungusha hendeli mara moja inawaka, lakini kiti ni kimoja tu kirefu, cha mbele. Jingine lina viti vya nyuma, na injini inakohoa kama mzee wa tumbaku.

“Chukua pikapu,” fundi akamshauri.

“Mama mkwe wangu atakaa wapi?”

“Pembeni yako.”

Mkulima akavua kofia, akaivaa tena. “Nigusane mabega na mama mkwe, mbele za watu?”

“Basi apande nyuma.”

“Nimpakie na mananasi?”

Mkulima akanunua lile linalokohoa.

Jumapili nikalikuta kwenye kilima, njia ya Kiwangwa, limezimika. Mkulima kashika usukani, macho mbele. Mama mkwe yuko nyuma kweli, ila chini, kajifunga kanga kiunoni, anasukuma.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo tusukume. Mkwe wangu ana heshima mno, hata kugeuka hathubutu.”

Nikasukuma. Heshima ya mkwe ni nzito jamani, hasa penye mlima.