Fotei ya Mama Benite

Watoto wengine wakipata pesa wananunulia mama yao kitenge. Watoto wa Mathilde walimununulia fotei. Fotei ya kweli, kiti ya sofa nyekundu, nono, ya kumezaka mutu mpaka unaona tu kichwa na magoti.

Huyu Mathilde, mutaa yote ya Mutakura wanamuitaka Mama Benite, zamani alikuwa anauzisha vitenge. Alibebaka mabalo, mizigo mizito ya vitenge, kwa kichwa toka Uvira, anapita kwa mupaka akitukana maaskari na wao wanacheka. Nywele ilipokuwa nyeupe, watoto wakasema, "Mama, umechoka ya kutosha. Kaa." Akakaa. Maji wanamuletea, kiatu wanamuvalisha, hata rimoti wanamuwekea mukononi. Heshima tupu. Mwaka ulipoisha, miguu ilikuwa kama mukate umelowa ndani ya chai.

Jumapili moja kanisani, korali ikasimama kuimba, yeye akabaki chini. Alivuta benchi ya mbele, akasukuma ya nyuma, bure. Wamama wawili wakamunyanyua kwa makwapa sawa mbuzi imeanguka kwenye shimo. Kisha Fortunat, prezida wa korali, mutu wa tumbo na wa adabu, akamufuata inje.

"Mama Benite, siku ya jubile ya korali tutakuwekea kiti mbele. Wengine wataingia wakicheza, we utatupungia kitambaa."

Kitambaa. Yeye mwenye alianzishaka ile kuingia na kucheza, wakati huyu Fortunat alikuwa anakojolea mama yake kwa mugongo.

Kesho yake akaenda dispensaire kutafutia miguu dawa. Fabiola, binti mwenye kazi yake ni kufanyisha watu mazoezi, akasikiliza habari ya fotei, akamushika mapaja, akamuangalia akitembea.

"Ni ugonjwa gani, mutoto wangu?"

"Hakuna ugonjwa, Mama. Uzee unapunguza misuli, na we umeinyima kazi. Iko shomeri. Irudishe kwa kazi."

"Nirudie kubeba mabalo?"

"Apana. Anza na kiti ya mbao, uisukume kwa ukuta. Mikono kwa kifua. Simama, kaa, pole pole. Ukizoea, ingia kwa fotei yako. Na vidumu vidogo vya maji, unyanyue. Na ukule maharagi na samaki ndogo za ndagala, si chai tu."

"Kumbe dawa iko mu nyumba na mi naikalia."

Juu watoto wangekataza, alifanyaka kwa siri, wakishaenda kazi. Mapaja yaliwaka moto. Alijitukana vile alitukanaka maaskari wa mupaka, akacheka peke yake, akaendelea. Kiti ya mbao akaishinda, akahamia kwa fotei.

Siku moja Benite, binti yake, akarudi mapema. Akachungulia kwa dirisha: mama yake mikono kwa kifua, macho imefungwa, anainuka, anaanguka, anainuka, anaguna, "We takataka, simama." Benite hakuingia hata. Alikimbia moja kwa moja kwa Fortunat.

"Papa Fortunat, kuna kitu imepanda mama."

Fortunat akakuja na Biblia kwa kwapa, Benite nyuma yake. Mugeni wa heshima anakaa wapi? Kwa fotei. Fotei ikamumeza. Sasa pepo haifukuzwi na mutu mwenye amekaa, basi akataka kusimama. Akajivuta mbele, akarudi nyuma. Biblia ikaanguka. Tumbo ikabaki juu.

"Mama Benite, nipe mukono."

"Kwanza niambie, Prezida. Mi ni wa kupunga kitambaa?"

"Tutaongea nikisimama."

"Tuongee umekaa. Hii fotei ni nzuri ya kuongea."

Benite akageukia ukuta, juu cheko ilikuwa inamutoka kwa pua.

"Utacheza," Fortunat akasema.

Mathilde akamukamata na mikono miwili, mikono ya vidumu, akamutoa kama muhogo. Kisha akakaa yeye, akafunga mikono kwa kifua, akainuka bila kushika kitu.

"Hii ndiyo pepo yenye Benite aliona."

Siku ya jubile akaingia wa kwanza, kikapu ya matoleo kwa kichwa. Ile wimbo iko na pahali wote wanashuka mpaka chini. Wamama wawili wakatayarisha mikono. Mathilde akashuka, akabaki chini kidogo kwa makusudi, wapate hofu vizuri, akainuka kama mwali. Kanisa yote ikapiga vigelegele.

Fortunat, furaha ikamupita, akashuka na yeye.

Korali ikaimba ile mustari, ikairudilia, ikairudilia tena. Prezida alikuwa bado chini. Mama Benite akarudi akicheza, akasimama mbele yake, akamupungia kitambaa kwanza. Halafu ndiyo akamupa mukono.